Sufuri Nayo Hula

Juma lililopita nilijikinga mvua Litein, kwenye kibanda cha mzee aliyewahi kuandika programu za kompyuta na sasa anatengeneza simu. Kijana mmoja aliingia na kipakatalishi kikuukuu. Alitaka safu moja ibebe kilo za majani mabichi za kila mkulima mdogo wa chai aliye chini ya KTDA, siku kwa siku, mwaka mzima. Programu ilikuwa ikifa kabla ya kusoma chochote: kumbukumbu haitoshi.

“Niongeze RAM, mzee?”

Mzee akachukua penseli na kugeuza risiti. Wakulima 600,000 mara siku 365: vyumba 219,000,000. Kila chumba baiti 8: baiti 1,752,000,000.

“Programu yako ni ya biti 32. Kwa kawaida Windows huipa gigabaiti 2 za kuishi, hata ukijaza RAM hadi kwenye paa. Na humo mna wapangaji wengine. Ukijumlisha vipande, nafasi yaweza kutosha, ila ni kama shamba la baba lililogawiwa wana sita: ekari zipo, zilizoshikana, kama safu yako itakavyo, hazipo.”

Penseli haikutulia. Tukihesabu kwa sehemu ya kumi ya kilo, namba nzima ya baiti 2 hufika kilo 6,553.5. “Mkulima gani mdogo wa Bomet huchuma hizo kwa siku?” Mzigo ukashuka hadi baiti 438,000,000, robo ya ule wa kwanza. Kisha akakumbusha kwamba chai iliyochumwa leo huachwa siku kadhaa ichipue tena. Siku mkulima asipofika kwenye mizani, ya nini kumwekea chumba? “Sufuri nayo hula, mwanangu.”

Nilimkumbuka mama na kikapu chake mgongoni. Hakuwahi kukitazama, mabega yalimwambia kimefika wapi. Majani yakianza kugusa ukingo, alitoka mistarini akaenda kuyamwaga, hata kama kichaka cha mbele kilijaa majani mawili na chipukizi. Sisi watoto tulipenda kushindilia ili tupunguze safari. Alizamisha mkono katikati ya kikapu chetu, akautoa, akatushika mashavuni tusikie joto. Majani yaliyobanwa huchemka na kugeuka mekundu. Hakutuchapa, joto lile lilitosha.

Waliolelewa na kilobaiti 640 za DOS walikuwa na mabega ya namna hiyo. Walijua ukingo kabla ya kumimina. Leo tunamimina kwanza, mashine ikizimia tunailaumu kwa udogo wake. Hata katika mashamba makubwa ya Kericho mashine za kuchuma zimeingia. Hukata kasi, na vikonyo vigumu huja pamoja na majani.

Mvua ilikatika. Kijana akaipiga picha ile risiti, akashukuru kwa adabu, kisha akauliza RAM huuzwa duka gani.

Mzee akamwelekeza.