Umeme Ulivyotangulia Kiwanda: Mpango wa Viwanda vya Uganda, 1945–1972

Mpango wa viwanda ulioendeshwa nchini Uganda baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulijengwa kwa mfuatano usio wa kawaida, kwa kuwa nguvu za umeme zilitayarishwa kabla ya kujulikana ni nani angezinunua. Mpango wa maendeleo ulioandaliwa na E. B. Worthington mwaka 1946 ulitilia mkazo kilimo, lakini Gavana John Hall alivutiwa zaidi na ripoti ya mhandisi Charles Westlake kuhusu maporomoko ya Owen karibu na Jinja. Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa mwaka 1948, na bwawa likazinduliwa Aprili 1954 likiwa limesanifiwa kubeba mitambo kumi ya megawati 15 kila mmoja.

Fedha zilipatikana kwa njia ambayo wakulima wengi hawakuiona waziwazi. Bodi ya kuuza pamba, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilinunua pamba iliyokwisha kuchambuliwa, yaani nyuzi zilizotenganishwa na mbegu, kisha ikaiuza nje kwa bei ya dunia, ambayo wakati wa vita vya Korea ilipanda sana. Tofauti kati ya bei hiyo na ile aliyolipwa mkulima iliwekwa katika mfuko uliokusudiwa kumkinga bei zitakaposhuka, lakini sehemu yake kubwa iligeuzwa kuwa mtaji wa maendeleo. Kwa hakika hiyo ilikuwa kodi, ingawa haikuitwa hivyo.

Mwaka 1952 serikali iliunda Shirika la Maendeleo la Uganda, maarufu kwa kifupi UDC, kwa mtaji wa pauni milioni 5. Shirika hilo lilibeba hatari ya mwanzo ambayo mfanyabiashara binafsi asingeikubali, huku likitafuta mbia mwenye ujuzi. Kwa nguo, mbia huyo alikuwa kampuni ya Calico Printers' Association ya Manchester, na kiwanda cha Nyanza Textile Industries, kinachojulikana zaidi kama NYTIL, kilijengwa Njeru, ng'ambo ya Nile kutoka Jinja. Hapo hatua zote zilikusanywa mahali pamoja: kusokota pamba iwe uzi, kufuma uzi uwe kitambaa, kisha kukipausha, kukitia rangi na kukichapa. Sheria za leseni za viwanda za mwaka 1948, zilizotumika katika Afrika Mashariki nzima, ziliorodhesha bidhaa ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzitengeneza bila leseni, na hivyo mwekezaji wa kwanza alikingwa dhidi ya washindani wa karibu.

Hata hivyo kiwanda cha nguo hakiwezi peke yake kumaliza umeme wa bwawa kubwa, na hapo ndipo viwanda vizito vilipohitajika. Saruji ilitengenezwa Tororo. Shaba ya Kilembe, iliyochimbwa na kampuni yenye mtaji wa Kanada, ilisafirishwa kwa reli iliyofika Kasese mwaka 1956 hadi Jinja, ambako ilitiwa katika tanuri la umeme na kutoka ikiwa shaba ghafi ambayo bado ilihitaji kusafishwa ng'ambo. Pamoja na hayo umeme ulibaki, na chini ya mkataba wa mwaka 1955 megawati 45 zikauzwa Kenya, jambo linaloonyesha kwamba makadirio ya mahitaji ya ndani yalikuwa ya matumaini mno.

Ukiutazama mpango huu kutoka Midia na nyanda nyingine za Koboko, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa nchi, sura yake ni tofauti. West Nile ilikuwa mbali na nguzo za umeme, na reli ilifika Pakwach mwaka 1964 tu; kabla ya hapo mizigo ilitegemea meli za Nile na barabara ndefu. Pamba ililimwa hasa maeneo ya chini kando ya mto, kama vile Rhino Camp, na tumbaku ilishika nafasi yake penye mwinuko, lakini mchango mkubwa zaidi wa eneo hilo ulikuwa vijana waliokwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Takwimu za uzalishaji huhesabu tani na vitambaa mahali vilipotokea, kwa hiyo kazi yao iliandikwa kwa jina la Busoga na Buganda.

Udhaifu wa mfumo ulidhihirika baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa na vipuri vikawa adimu kwa ukosefu wa fedha za kigeni, lakini chanzo chake kilikuwa cha zamani zaidi. Mkulima aliyelipwa kidogo aliweza kuhamia mahindi au ndizi, mazao ambayo bodi haikuyashika, na mashine za Njeru zilipokosa pamba, mfuko uliozinunua nao ulikuwa umekosa chanzo chake.