Asubuhi Moja au Siku Kumi? Uhakiki wa Ahadi ya Alfabeti ya Kikorea

0. Utangulizi

Miongoni mwa sifa zinazotolewa kwa alfabeti ya Kikorea, iitwayo Hangul, moja imekwisha kuwa kama methali katika madarasa ya isimu: kwamba mtu yeyote aweza kujifunza kuisoma na kuiandika kwa asubuhi moja tu. Sifa hiyo haikubuniwa na walimu wa siku hizi. Chimbuko lake ni maneno ya kumalizia ya kitabu Hunminjeongeum Haerye cha mwaka wa 1446, ambamo mtaalamu Jeong In-ji alidai kuwa mwenye akili atazijua herufi hizo kabla asubuhi haijaisha, na kwamba hata aliye mzito wa kuelewa atazimudu kwa siku kumi.

Makala haya yanakusudia kuipima ahadi hiyo. Je, anayeanza anapata nini hasa katika asubuhi hiyo, na ni kitu gani kinachobaki nje yake? Swali hili si la Wakorea peke yao. Kiswahili nacho husifiwa kwamba huandikwa kama kinavyotamkwa, na sifa hiyo hutegemewa katika kuwafundisha watoto na watu wazima kusoma. Iwapo ahadi ya wepesi ina kasoro, anayelipa gharama yake ni mwanafunzi, maana akishindwa katika jambo lililosemwa kuwa rahisi, hujihesabu kuwa yeye ndiye mjinga.

1. Kitabu na wasomaji wake

Mfalme Sejong alikamilisha herufi zake 28 mwaka wa 1443. Kabla ya hapo, aliyetaka kuandika katika nchi ya Korea alitegemea maandishi ya Kichina, yaani maelfu ya alama zilizohitaji miaka mingi ya masomo. Katika dibaji yake fupi, yenye alama 54 za Kichina tu, mfalme anaeleza kuwa lugha ya nchi yake inatofautiana na ile ya China, na kwamba raia wengi wana jambo la kusema ila hawana njia ya kuliandika.

Wakubwa wa elimu hawakukubaliana wote. Mwaka wa 1444 Choe Man-ri na wenzake walimpelekea mfalme waraka wa kupinga. Pamoja na kuona kwamba kuacha desturi ya China ni kujishusha, walihofu kuwa, mtu akiweza kupata cheo kwa herufi hizo chache, hakuna atakayejitaabisha tena na elimu ya Kichina. Hofu hiyo ni ushahidi mzuri kuliko sifa yoyote: wapinzani wenyewe walikiri kuwa herufi ni nyepesi, na wepesi huo ndio uliowatisha.

Hata hivyo, mhakiki hawezi kupita bila kuona jambo moja. Haerye, kitabu cha kwanza cha kufundisha herufi za raia, kimeandikwa kwa Kichina cha kale. Aliyeweza kukisoma ni yule ambaye hakuzihitaji herufi hizo. Na aliyezihitaji hakuweza kukisoma. Tafsiri ya Kikorea ya sehemu yake kuu ilipigwa chapa mwaka wa 1459, lakini maelezo ya Jeong In-ji hayamo katika sehemu hiyo. Basi asubuhi anayoisema ilipimwa na watu ambao tayari walijua kusoma, waliozoea kushika kalamu, na waliokwisha kujifunza kuchambua sauti za silabi kwa njia ya elimu ya Wachina. Mkulima asiyewahi kusoma hati yoyote alikuwa mbali na kipimo hicho.

2. Umbo la herufi: pale ahadi inapotimia

Ni haki kusema kwanza penye ukweli. Herufi za Hangul hazikuokotwa, zilifikiriwa. Konsonanti tano za msingi zinachora ala za matamshi. Herufi ㄱ ni shina la ulimi likiziba koo. ㄴ ni ncha ya ulimi ikigusa juu. ㅁ ni kinywa. ㅅ ni jino. ㅇ ni koo. Sauti inapokuwa na nguvu zaidi, herufi huongezewa mstari: kutoka ㄴ tunapata ㄷ, kisha ㅌ; kutoka ㄱ tunapata ㅋ. Irabu nazo zinajengwa kwa alama tatu: nukta ya mviringo kwa mbingu, mstari uliolala kwa ardhi, na mstari uliosimama kwa binadamu.

Hapa ndipo Geoffrey Sampson, mwaka wa 1985, alipoona haja ya kuliweka Kikorea katika fungu la peke yake: hati ambayo alama zake haziwakilishi fonimu tu, bali hata sifa bainifu zilizo ndani ya fonimu. Katika alfabeti ya Kirumi, umbo la t halimwambii mtu kwamba sauti yake ni jirani ya d. Katika Hangul, macho yanaambiwa. Siku hizi herufi za msingi ni 24, yaani konsonanti 14 na irabu 10. Pamoja na zile za kuunganishwa zinafika 40. Mtu mzima anayejua hati nyingine aweza kweli kuzishika kwa muda mfupi sana.

Hata majina ya herufi yangemsaidia, kama historia isingeingilia. Mwaka wa 1527 Choe Se-jin, katika kitabu chake cha kufundishia watoto alama za Kichina, aliandika majina ambayo yanaonyesha kila konsonanti mara mbili, mwanzoni na mwishoni: nieun kwa n, mieum kwa m, rieul kwa r. Kwa mpango huo, ㄱ ingeitwa gieuk. Lakini hapakuwa na alama ya Kichina iliyosomwa euk, naye akaandika giyeok; na kwa sababu ya namna hiyo hiyo zikazaliwa digeut na siot. Korea Kaskazini imeyanyoosha majina hayo matatu. Korea Kusini imeyaacha kama yalivyo. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini herufi tatu zinavunja kanuni anajibiwa kwamba ndivyo zilivyo, kumbe anabeba mzigo wa hati ileile ambayo Hangul ilikuja kuipunguzia watu.

3. Kutoka herufi hadi silabi

Herufi za Kikorea haziandikwi zikifuatana kama shanga. Hukusanywa katika miraba, kila mraba silabi moja: h, a na n hujenga 한; g, eu na l hujenga 글. Kwa hiyo jedwali la jadi la kufundishia, liitwalo banjeol, huenda kwa silabi: ga, gya, geo, gyeo, go, gyo, na kuendelea. Mwalimu wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwani nalo ni ndugu wa ba, be, bi, bo, bu.

Lakini undugu huo una mpaka. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na ile ya Kikorea yaweza kufungwa kwa konsonanti moja au mbili. Ukihesabu konsonanti 19 za mwanzo, irabu 21, na namna 28 za kumalizia (pamoja na ile ya kutokuwa na kitu), unapata miraba 11,172. Hakuna jedwali la kukariri linaloenea hapo. Mwanafunzi analazimika kuelewa ujenzi. Herufi ㅇ inampa mtihani wa pekee: mwanzoni mwa silabi haina sauti, mwishoni ni ng'. Msemaji wa Kiswahili anaijua sauti hiyo vizuri, ila ameizoea mwanzoni, kama katika ng'ombe, mahali ambapo Mkorea haitamki kamwe.

Ugumu wa pili ni wa sikio. Kikorea kinatofautisha konsonanti za aina tatu ambapo lugha nyingi zina mbili: dal ni mwezi wa angani, ttal ni binti, tal ni kinyago. Herufi zinaonyesha tofauti hizo waziwazi, lakini kuiona tofauti si kuisikia. Kwa upande mwingine, sauti mbili ambazo kwetu ni fonimu tofauti, k na g, pale ni herufi moja: neno la nyama, 고기, linaanza kwa sauti iliyo karibu na k na katikati lina g, ingawa ㄱ ni ileile. Mwanafunzi anayetafuta herufi mbili hazipati, naye hudhani hati imekosea. Hati haikukosea, imeandikwa kwa ajili ya masikio ya Wakorea.

Tena hata masikio hayo yamebadilika. Leo wasemaji wengi wa Seoul hawatofautishi irabu za 개, yaani mbwa, na 게, yaani kaa wa majini. Huandika tofauti ambayo hawaitamki. Hati iliyoanza kama picha ya kinywa imekuwa, mahali hapo, kumbukumbu ya kinywa cha mababu.

4. Tahajia ya 1933: kumfaa mwandishi au msomaji?

Sehemu iliyo nzito kuliko zote haimo katika herufi bali katika tahajia. Haerye yenyewe ilisema konsonanti nane zatosha mwishoni mwa silabi, maana yake mtu aandike anavyosikia. Lakini mwaka wa 1933, chini ya utawala wa Wajapani, chama cha wanaisimu wa Kikorea kilitoa kanuni iliyofuata njia ya Ju Si-gyeong: kila mofimu iandikwe kwa umbo moja, hata kama matamshi yanabadilika. Neno la bei, 값, likiwa peke yake hutamkwa gap. Likifuatwa na kiambishi i hutamkwa gapsi. Likifuatwa na man hutamkwa gamman. Sauti tatu, mwandiko mmoja.

Kwa anayeanza, hilo ni pigo. Alikwisha ahidiwa kwamba atasoma anachokiona. Rais Syngman Rhee naye aliona hivyo. Mwaka wa 1954 serikali yake ilitangaza mpango wa kurudisha mwandiko wa kufuata sauti, kwa hoja ya wepesi. Wanaisimu na magazeti wakaupinga kwa nguvu, na mwaka wa 1955 akauacha.

Nani alikuwa na haki? Anayeandika kwa sauti hupunguziwa kazi. Lakini mtu huandika mara moja na maandishi yake husomwa mara nyingi. Msomaji anapoona 값 daima kwa sura ileile, jicho hutambua maana kabla sauti haijatafutwa. Kanuni ya 1933 inamtoza mwandishi ili impunguzie msomaji. Walioitunga waliithamini kuliko starehe zao: mwaka wa 1942 wakuu wa chama hicho walikamatwa, na wawili kati yao wakafia gerezani. Hawakuwa wakipigania urahisi wa asubuhi moja, bali lugha inayoweza kuandikiwa kamusi na vitabu.

5. Kiswahili mbele ya kioo hicho

Kiswahili kimechagua njia iliyo kinyume. Tunaandika matokeo ya sauti na kuuficha mzizi. Mzizi ni -wili katika watu wawili, lakini ni mbili katika nyumba mbili. Ni -refu katika mti mrefu, lakini ni ndefu katika kamba ndefu. Ulimi, wingi wake ndimi. Mtoto husoma ndefu bila shida, ila mgeni huitafuta katika kamusi na asiipate mahali anapoitazamia. Kwa hiyo usemi kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa ni sifa yenye bei yake.

Tena usemi huo si kweli kwa ukamilifu. Wasemaji wa Mombasa hutia pumzi katika kaa wa majini, wala hawaitii katika kaa la moto. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haionyeshi tofauti hiyo ambayo Sejong angeiongezea mstari mmoja tu.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Lubumbashi. Mwaka wa 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav, kwa Kiswahili cha mji huo. Mwandiko wake haufuati kanuni ya shule; maneno hukatwa na kuunganishwa kwa namna isiyotabirika. Johannes Fabian, aliyeichapisha upya mwaka wa 1990, hakuweza kuielewa kwa macho peke yake; ilimpasa Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, aisome kwa sauti ndipo maana itokee. Yav alizijua herufi zote. Alichokosa si alfabeti, bali makubaliano ya tahajia kati yake na wasomaji wasiomjua.

6. Hitimisho

Ahadi ya Jeong In-ji ni ya kweli kuhusu herufi, na ni pungufu kuhusu kusoma. Kosa lake kubwa haliko katika hesabu ya siku, bali katika kuwagawa wanafunzi kuwa wenye akili na wazito. Asubuhi moja humpa mtu herufi. Sikio humtaka miezi. Tahajia humtaka aijue lugha yenyewe, na hilo halina njia ya mkato katika Kikorea wala katika Kiswahili.

Kutoka hapo linatokea jambo la kuzingatiwa na wanaosimamia masomo ya watu wazima katika nchi yetu. Aliyemaliza alfabeti amefika mlangoni. Kumpa cheti pale mlangoni na kumwacha, eti kwa kuwa Kiswahili ni chepesi, ni kumfungia nje kwa heshima. Wakorea walihitaji karne tano toka herufi hadi tahajia, nao walikuwa na herufi bora. Sisi tunao wasemaji wengi na herufi za kutosha. Kazi iliyobaki ni kuandika vitabu ambavyo msomaji mpya, siku inayofuata ile asubuhi yake, atakuwa na sababu ya kuvifungua.