Wapishi wa Stesheni za Reli ya Kati

Shule zikifungwa mwezi wa Juni na kiangazi kikishakaa sawasawa, treni ya Kigoma hujaa. Wanafunzi wanakwenda kwa bibi zao, wafanyabiashara wa dagaa wanarudi ziwani, na wengine tunapanda kwa kuwa tunaipenda safari yenyewe. Nasema ile reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 kwa jasho la Waafrika, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mambo yakienda vizuri, unalala usiku mmoja njiani, unashinda mchana mzima, unalala tena, na asubuhi unaliona Ziwa Tanganyika. Yapo mengi ya kusifiwa katika njia hiyo. Mimi nawasifu watu ambao hawamo katika daftari la mishahara la shirika lolote: kina mama wanaopika kandokando ya stesheni.

Kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana kutoka dirishani. Mpishi wa hoteli anangoja mgeni aketi ndipo amuulize anataka nini. Mama lishe wa mjini anajua saa ya mafundi kutoka kazini. Mpishi wa stesheni anampikia mtu asiyemjua, atakayefika saa isiyojulikana, atakayekaa dakika chache tu, tena yuko juu dirishani wakati yeye yuko chini. Injini ikiharibika, au Mto Mkondoa ukifurika na kuzoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, kama ulivyofanya katika mvua za El Niño na tena kuelekea mwaka 2010, chakula chote kimekwisha kazi. Na mteja akiuziwa kibaya hawezi kurudi kulalamika. Keshafika mkoa mwingine. Mtu wa namna hiyo angeweza kupika ovyo maisha yake yote na bado akauza. Ndiyo maana uhodari wao unanigusa sana: hakuna anayewashurutisha kupika vizuri isipokuwa fahari ya mikono yao.

Usiku wa kwanza haunipi mengi. Morogoro na Kilosa zinapitwa gizani, kwa machungwa, ndizi na chai. Dodoma hufika asubuhi na karanga zake mpya, maana Juni zimetoka shambani hivi karibuni. Zabibu nazo huja ukiwa na bahati ya msimu. Bahi ni mahali pa mpunga na kambale wa kukausha kwa moshi, wanaovuliwa kwenye lile bwawa ambalo kiangazi hulinywa kidogo kidogo. Kisha reli inaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na katika kupanda huko ipo Saranda.

Kuku wa Saranda anastahili kusimuliwa polepole. Tuko mkoa wa Singida, ambao kuku wake wa kienyeji husafirishwa mpaka Dar es Salaam. Kuku huyu amekula mtama na kumbikumbi, ametembea, amekimbia. Nyama yake ni tamu, lakini haikubali haraka. Huchinjwa alfajiri, akatiwa sufuriani na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, akachemka juu ya moto mdogo mpaka paja likizungushwa kwa vidole linalegea kwenye kiungo bila kuachana. Hapo anatolewa, anapangwa kwenye sinia chini ya kitambaa apigwe na upepo mpaka ngozi ikauke. Supu yake haimwagwi; itauzwa kwa vikombe. Pembeni kuna karai la mafuta ya alizeti, na chini yake makaa yamefunikwa majivu.

Kuanzia hapo ufundi wote ni wa kungoja. Mpishi akikaanga mapema, ngozi inalainika na kuku anakuwa kiporo kabla hajauzwa. Akichelewa, treni inaondoka. Kwa hiyo mtoto anatumwa kwa stesheni masta, ambaye huzungumza kwa simu na mwenzake wa stesheni iliyotangulia.

"Shikamoo babu. Mama anauliza, imetoka Makutupora?"

"Marahaba. Bado. Mwambie asimwage mafuta yake bure."

Mtoto anarudi, anatumwa tena. Siku jibu linapogeuka, majivu yanapanguswa, makaa yanapepewa, na vipande vinaingia karaini vikiimba. Injini inapopiga honi, kuku wa kwanza ameshatoka, amekamuliwa limau na kunyunyiziwa chumvi ya pilipili. Masinia yanapanda vichwani. "Kuku mama, kuku baba, kuku wa moto!" Nimekula kuku katika mahoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, na sikumbuki aliyenifikia akiwa katika dakika yake kamili namna hii.

Kuhudumia nako kuna mbinu zake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wamerudi kwenye karatasi, na karatasi inataka chakula kikavu, kisichochuruzika; mchuzi umepungua, kukaanga kumeongezeka. Chenji hushikwa tayari mkono wa kushoto, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Chai hutolewa kwa kikombe cha bati, na kikombe ni lazima kirudi. Binti hukimbia pembeni ya behewa linaloanza kusogea, mkono juu, na abiria atakunywa funda la mwisho la moto akiungua ulimi ili asimdhulumu. Katika daraja la tatu nimeona mtu akikemewa na behewa zima kwa kuchelewesha kikombe.

Treni mpya ya umeme ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, Dar es Salaam mpaka Dodoma ikawa safari ya kama saa nne. Naifurahia kweli. Mgonjwa anawahi hospitali, mfanyakazi anawahi nyumbani, na hakuna anayetamani kurudia kungoja usiku kucha. Lakini madirisha yake hayafunguki. Asiye na tiketi hafiki kwenye jukwaa, na mwenye sinia hana tiketi. Reli hiyo inaendelea kujengwa kwenda Tabora na mbele yake, na mtu mwenye kalamu ya ramani bado anaweza kutenga mahali penye maji, kivuli na meko, ambapo mama wa Saranda atasimama kwa heshima na abiria atamfikia. Ufundi ambao umeilisha reli hii siku zote haustahili kuachwa nyuma ya uzio.

Baada ya Itigi miti inasongamana, na asali inaanza kuonekana kwenye chupa na madumu. Salamu nazo zimebadilika: Dodoma waliniamkia "Mbukwenyi", Tabora ni "Mwangaluka", na Kigoma nitasikia "Mwakeye". Tabora ninanunua matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa kwenye jua la kiangazi mpaka vikawa vigumu na rangi ya kahawia. Havina haraka ya kuliwa. Unakitia kimoja kinywani, unakiacha kilainike, na utamu unatoka taratibu ukivuka Urambo na Kaliua. Ukivitafuna na karanga za kukaanga, usiku wa pili unakuwa mfupi.

Uvinza treni hupita wakati wengi wamelala, nami huona vibaya, maana hapa ndipo ilipo chumvi. Chemchemi za maji chumvi karibu na Mto Malagarasi zimekuwa zikichemshiwa vyunguni kwa zaidi ya miaka 1,000; mwanaakiolojia J.E.G. Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimbua mabaki ya kazi hiyo miaka ya 1960. Chumvi hii ilisafiri kwa miguu na mitumbwi muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutandaza taruma.

Kigoma, mgebuka unachomwa, unatiwa katika mawese yenye kitunguu na nyanya chungu, unaliwa kwa ugali wa muhogo. Hapo abiria wengi wanashuka, wengine wanapakia. Treni ya kurudi hubeba dagaa waliokaushwa mchangani, mawese kwenye madumu na chumvi ya Uvinza, na safari hii biashara ya dirishani hugeuka: aliye juu ndiye anayeuza. Saranda mama mwenye sinia anakuja na pesa mkononi, anaomba aonjeshwe dagaa kabla ya kununua, anawatafuna kwa makini, na kama wana mchanga anawarudisha bila kusema mengi. Wakiwa wazuri anachukua vipimo viwili, anaongeza na chumvi, kisha anauliza treni ya kutoka Dar imefika wapi.