CCD, CMOS na Uso wa Shangazi

Ukikaa na wapiga picha wa Nairobi jioni moja, kabla chai haijapoa mmoja wao atakuambia kamera za siku hizi hazina roho. Kisha atatoa kwenye begi kamera ya mwaka 2006 iliyobanduka raba, akuonyeshe picha tatu nne, na aseme kwa sauti ya mtu anayetoa siri, "Hii ni CCD, buda." Wengine wataitikia kwa kichwa. Mimi pia nimeitikia sana. Niliuza lenzi nzuri nikanunua Nikon D200 ya mtumba kwa sababu ya imani hii, kwa hivyo nikiikosoa hapa, jua najikosoa na mimi.

Tuanze na kifaa chenyewe. Sensa (si ile ya kuhesabu watu, ingawa hii pia kazi yake ni kuhesabu) ni kipande cha silikoni chenye visima vidogo mamilioni. Mwanga ukiingia, kila kisima hukusanya chaji ya umeme. Kwenye CCD, waliyoibuni Willard Boyle na George Smith kule Bell Labs mwaka 1969, chaji hupitishwa kutoka kisima hadi kisima, kama watu wanaopokezana ndoo nyumba ikiungua, hadi ifike ukingoni isomwe. Kwenye CMOS kila kisima kina kikuzaji chake, kwa hivyo kazi inaanzia palepale. Ndiyo maana CMOS ina kasi, haimalizi betri, na ndiyo iliyo ndani ya simu yako.

Sasa rudi usome tena hiyo aya. Hakuna mahali nimetaja rangi, kwa sababu silikoni yenyewe haikupi rangi, inahesabu mwanga tu. Rangi huletwa na vichujio vidogo vilivyobandikwa juu ya visima, mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza yake mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Halafu kuna programu ya kukisia rangi zilizokosekana katika kila kisima, na nyuma ya programu kuna watu waliokaa ofisini wakaamua ngozi iwe na wekundu kiasi gani. (Foveon, iliyoingia sokoni na Sigma SD9 mwaka 2002, haitumii vichujio hivyo. Inatofautisha rangi kwa kina ambacho mwanga unafika ndani ya silikoni. Mashabiki wake ni wachache na wakali kuliko hata wa CCD. Leo tuwaache.)

Kwa hivyo anayesema CCD ina rangi tamu huenda anaona kitu cha kweli, ila anakipa jina la jirani. Chukua Canon 5D ya mwaka 2005 na Nikon D700 ya 2008. Sikiliza zinavyosifiwa: ngozi laini, picha zinakaa filamu, hakuna kamera ya sasa inayozifikia. Maneno yaleyale kabisa. Na zote mbili ni CMOS. Ukimwambia hivyo shabiki wa CCD, atabadilisha mada aanze kuzungumzia lenzi.

Hekalu kuu la dini hii ni Leica M9 ya mwaka 2009, yenye CCD ya Kodak ya megapikseli 18. Leica walipohamia CMOS kwenye M iliyofuata, malalamiko yalianza na bado hayajaisha. Baadaye ikajulikana kwamba kioo kinachofunika sensa ya M9 huliwa na kutu, na kampuni ikalazimika kubadilishia watu sensa. Bado watu wanaitafuta. Mimi siwacheki. Nataka tu wakubali kwamba wananunua pia mwendo wa polepole, uzito wa chuma mkononi, na hadithi.

Mwaka jana nilichapisha picha kumi, tano za D200 na tano za kamera yangu ya CMOS, lenzi moja, dirisha moja, faili ghafi nilizozisawazisha rangi mwenyewe. Nikawapa marafiki watano wazipange. Walikisia kama watu wanaorusha sarafu, na aliyekosea zaidi ndiye aliyeniuzia wazo la CCD. Si utafiti huo, ni upuzi wa Jumapili mchana. Lakini D200 yangu ilinishuka bei moyoni siku hiyo.

Kilichoniuma hasa kilitokea kabla ya hapo, kwenye harusi ya binamu yangu Machakos. Saa kumi na moja jioni D200 ilifanya maajabu, vumbi la dhahabu kila mahali. Giza likaingia, tukahamia kwenye hema lenye balbu chache, nikapandisha ISO hadi 1600. Kitambaa cheupe cha shangazi kilitoka vizuri. Uso wake ulikuwa doa jeusi lenye chembechembe za zambarau. Nilipompelekea picha, aliitazama kwa muda kisha akauliza, "Huyu aliyesimama na bwana harusi ni nani?" Alikuwa yeye.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba picha zote zilizoniaminisha CCD zilipigwa jua likiwa zuri. Hakuna anayeweka mtandaoni zile za ndani ya hema. CCD hizo za zamani hazina nguvu kwenye vivuli, na ngozi yetu nyeusi usiku huishi kwenye vivuli. Na si jambo la kwanza la aina hii. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama Shirley. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Google walipotangaza Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021, walikuwa wanakiri kwamba kuna uamuzi mtu aliwahi kufanya akituacha nje. Tunapolilia "rangi za zamani", ni haki kuuliza zilipimwa kwa uso wa nani.

Wanaonifurahisha ni vijana wanaonunua vikamera vya mfukoni vya 2005 kwa sababu ya flashi tu. Wanataka paji la uso ling'ae na macho yawe mekundu, wacheke kesho. Hawakuambii habari za roho.

D200 bado ninayo. Jua likianza kulala naitoa, na sitasema uongo, bado inanipendeza. Harusi ya mdogo wake binamu ni Desemba, na shangazi ameshaniuliza nitakuja na kamera gani. Nimemwambia ile mpya.