Bomba Moja, Vyombo Vitatu

Mkazi wa Nyasho, mjini Musoma, afunguapo maji asubuhi asipate hata tone, huenda akaambiwa na jirani: “Bomba limeharibika.” Sentensi hiyo ni Kiswahili kisicho na dosari, lakini haikumweleza jambo. Je, ni mashine isukumayo maji kutoka Ziwa Victoria? Ni njia iliyofukiwa kando ya barabara? Ama ni kile kifunguliwacho kwa mkono juu ya sinki? Vyote vitatu huitwa bomba.

Asili ya neno hili ni Kireno, na kwa Wareno ni chombo cha kuvuta na kusukuma maji. Kwetu maana yake imepanuka. Kupanuka kwa maana si kosa, kwani ndivyo lugha ziishivyo. Kosa ni letu sisi tunaolichukua neno hili la mazungumzo na kulitia katika mikataba, miongozo na matangazo bila kuliwekea mipaka.

Hebu tuitazame nyumba yenyewe. Maji kutoka njia kuu hupita katika mita, kisha katika valvu ya kufungia nyumba nzima. Hupanda tangini, ambamo boya huinuka na kuziba mlango tangi linapojaa. Kutoka hapo hushuka kwa uzito wake. Kila mita 10 za kimo huyapa maji kanieneo ya takriban kilo 1 kwa sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo tangi lililo mita 3 tu juu ya koki hutoa maji kwa unyonge. Kila chombo kina kazi yake, na pia mwenye dhamana yake: kwa kawaida kilicho kabla ya mita ni cha mamlaka ya maji, na kilicho baada yake ni cha mwenye nyumba. Mkataba usemao “mteja atatengeneza bomba” unaalika ugomvi. Mwongozo usemao “usifungulie bomba tangi likiwa tupu” ni hatari zaidi, kwa sababu pampu iendeshwayo pasipo maji huungua.

Mafundi hawana utata huu. Amtumapo mwanafunzi wake dukani, fundi hutaja koki, pampu, valvu au elbo. Basi ufukara si wa lugha, bali ni wa waandishi. Kamusi zinatupa bilula, na Unguja na Mombasa husema mfereji. Lakini kwa wengi wa bara mfereji ni njia ya maji ya mvua, na bilula ni neno geni. Twapendekeza bomba libaki kwa njia ya maji, pampu kwa mashine, na koki kwa kifungulio. Atakayesema kuwa pampu na koki ni maneno ya kigeni na akumbuke kwamba bomba nalo lilikuja kwa jahazi.

Wala hili si jambo lisilowezekana. Mamlaka za maji zimekwisha kuunganisha majisafi na majitaka kuwa maneno mamoja yatajayo huduma, si hali ya maji. Leo mteja aweza kulalamika kwamba majisafi yanatoka na tope, asijipinge.

Katika mazungumzo, watu na waendelee kusema watakavyo. Mfasiri na mtumishi wa serikali, kabla ya kuandika bomba, na ajiulize: fundi akiisoma karatasi hii, atajua akafungue nini?