Nyuzi 0.2 za Kericho

Mzozo mtamu wa kisayansi kuliko yote niliyosoma unahusu kipimajoto cha Kericho.

Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha makala ya Simon Hay na wenzake kuhusu sehemu nne za nyanda za juu Afrika Mashariki ambako malaria ilikuwa imerudi kwa kishindo, Kericho ikiwemo. Jibu lao: tusilaumu hali ya hewa, haijabadilika vya kutosha. Shida ni kwamba joto walilotumia lilikuwa la kukadiria, limekokotolewa kutoka vituo vilivyotawanyika. Na huku ni milimani bana; ukiteremka tu kuelekea Sotik ushavua sweta.

Mwaka 2011, kwenye Malaria Journal, Judith Omumbo na wenzake wakarudi kwa rekodi za kila siku za kituo cha Kericho chenyewe, 1979 hadi 2009. Joto la wastani, la juu na la chini, yote yalikuwa yamepanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo.

Kitu kidogo hivyo? Hapo ndipo makala inaponishika. Kimelea cha malaria hukomaa ndani ya mbu, na baridi hukichelewesha. Ikizidi, mbu hufa kabla hakijawa tayari. Mashamba ya Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, yako pembeni kabisa mwa mpaka huo. Napenda pia kwamba Omumbo na wenzake hawana pupa. Wanathibitisha joto limepanda, basi, bila kulibebesha mzigo wote wa ugonjwa. Klorokwini nayo ilikuwa imeanza kushindwa.

Ila kama msomaji wa hadithi nina neno. Mjadala huu ulisimama juu ya takwimu za hospitali za mashamba ya chai. Kila nambari ni mchuma chai aliyelazwa akitetemeka, au mtoto wake, na kilo za siku hiyo hazikulipwa. Kwenye makala yeye ni kisa tu. Sawa, jarida la sayansi si riwaya, na siri ya mgonjwa ni siri. Lakini sisi waandishi wa Kiswahili tunajitetea na nini? Tunajaza kurasa na safari za Mars, sijui roboti, na hii ya nyumbani hatujaigusa.

Waliochuma chai miaka hiyo bado wako, Litein, Kapkatet, Kapsoit. Makala ya Omumbo inasomwa bure mtandaoni. Anza nayo, halafu panda matatu ya Kericho na daftari.