Kunusa Kabla ya Kulipa: Mwongozo wa Mnunuzi katika Soko la Isiolo

Ukitaka kumjua mwuza maziwa hodari mjini Isiolo, yaache maziwa kwanza, uitazame pua yake. Bodaboda inapofika kutoka Burat, au gari kutoka Kulamawe, jerikani zikiwa zimefungwa kamba huku na huku, mama huyo haulizi ni lita ngapi. Anafungua kifuniko, anainama, ananusa, kisha anakaa kimya kidogo. Jerikani moja inakwenda kushoto, nyingine kulia. Ya tatu anairudisha kwa aliyeileta bila maneno mengi, naye anaipokea bila ubishi, kwa maana wote wawili wanajua pua hiyo haikosei.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikinunua chakula cha wiki hapa kila Jumamosi, na raha yangu kubwa ni hiyo: kusimama karibu na watu wanaoijua kazi yao. Nyanya nzuri unaweza kuipata kwa bahati, hata kwa mwuzaji mvivu. Ustadi wa mwuzaji hauji kwa bahati. Ndiyo maana ninapofika kwenye kibanda kigeni huanza kwa kuipima mikono ya mwenye kibanda, kisha bidhaa zake.

Mahali penyewe panasaidia. Isiolo iko pale vilima vya Meru vinapokwisha na tambarare za kaskazini zinapoanza, mji wa mita 1,100 hivi juu ya bahari, na soko lake ni mahali mkulima na mfugaji wanapokutana. Kutoka juu hushuka viazi vya Kibirichia, ndizi, kabichi, maharagwe, na ndengu za Tharaka. Kutoka chini hupanda maziwa ya ngamia, mbuzi, samli, nyama kavu na ubani. Wasomali ambao wazee wao waliwekwa hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru, wote wana meza zao. Jifunze salamu tatu au nne kabla ya kujifunza bei. Mama wa Kiturkana ukimwambia “ejok”, yule wa Kimeru ukimwambia “muga”, wa Kiborana ukamtakia “nagaa”, utaona uso unavyofunguka. Baada ya hapo ni Kiswahili, na wewe ni “kastama wangu”.

Nianze na maziwa, maana ndiyo yatakayokufundisha kunusa.

Chombo ndicho cha kwanza. Huko malishoni maji safi ni haba, na jerikani ya plastiki haina mdomo wa kupitisha mkono. Wafugaji huisafisha kwa moshi, kama wanavyovisafisha vibuyu na gorfa, chombo cha Waborana kinachosukwa kwa nyuzi. Vijiti vikavu vya mzeituni mwitu au vya mgunga huwashwa, moshi ukaingizwa ndani na kufungiwa. Moshi hupunguza vijidudu, huchelewesha kuchacha, na huacha ladha yake. Sasa sikiliza ladha hiyo inaingia lini. Maziwa yaliyofukizwa vizuri huanza kwa utamu wake wenyewe. Moshi huja mwishoni, umeshameza, ukirudi puani taratibu kama harufu ya kanzu iliyotiwa udi jana. Moshi ukitangulia, ukakupiga kabla maziwa hayajagusa ulimi, jihadhari. Huenda kuna uchachu unafichwa nyuma yake.

La pili ni wepesi, na hapa ndipo wengi tuliolelewa kwa maziwa ya ng'ombe hukosea. Tunatafuta malai juu. Hatutayaona, kwa sababu matone ya mafuta katika maziwa ya ngamia ni madogo mno na hayapandi upesi. Tunaona maziwa mepesi, tunamshuku mama wa watu kwamba ametia maji. Lakini ngamia aliyekaa siku nyingi bila kunywa hutoa maziwa yenye maji mengi na mafuta kidogo, hivyo maziwa ya kiangazi huwa mepesi bila hila ya mtu yeyote. Chumvi nayo hupanda na kushuka kulingana na mimea anayokula. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwuzaji ni: “Mama, ngamia wako wapi wiki hii?” Anayejua kazi atakutajia upande, atakuambia mvua ilinyesha lini huko, na hata kwamba wamehama juzi. Anayebabaika hajui maziwa yake yametoka wapi, na hiyo ndiyo shuku yenye msingi.

Kisha fika nyumbani, uchemshe kikombe kimoja peke yake kabla ya kumwaga yote kwenye sufuria ya chai. Yakikatika, yalikuwa yameanza kuchacha. Yasipokatika, tia majani, iliki na tangawizi kidogo, na unywe polepole. Sijui chai nyingine inayonipa furaha kama hiyo.

Susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa makusudi, ina vipimo vyake. Usingoje igande kama mala ya ng'ombe, haigandi hivyo. Tafuta ukali ulio safi, usio na uchungu, na maziwa yanayomiminika sawasawa bila maji kujitenga upande mmoja.

Kwa nini wanawake hawa wamekuwa wakali hivyo? Sababu ni safari. Sehemu kubwa ya maziwa yanayopita Isiolo hainywewi Isiolo: hupozwa kwenye friza, kisha hupakiwa kwenye mabasi kwenda Eastleigh, Nairobi, zaidi ya kilomita 250. Ushirika wa wanawake wa Anolei umejijengea jina kwa kazi hiyo. Maziwa ya wafugaji wengi humiminwa pamoja, na jerikani moja iliyoharibika huharibu shehena nzima kabla basi halijafika. Kila kunusa unakokuona asubuhi ni hasara inayozuiwa. Wewe mnunuzi wa lita mbili unafaidi ukali uliokusudiwa soko la mbali, na ni haki yako kuufurahia.

Kwa mama mboga tumia macho. Mtazame anavyokata sukuma wiki. Wapo wanaokata kwanza ndipo waoshe, nao hukuuzia majani yaliyopoteza utamu wake kwenye beseni. Stadi huosha majani mazima, huyakung'uta, huyapanga yakielekea upande mmoja, huondoa vikonyo vigumu, kisha huyakunja kuwa mviringo uliobana. Kisu kinakwenda huku anazungumza nawe kuhusu mtoto aliyerudi shule, macho hayako kwenye kisu, na nyuzi zinaanguka nyembamba, zote unene mmoja. Huo unene mmoja ndio siri, maana sukuma iliyokatwa hovyo huiva hovyo, nyingine mbichi na nyingine imelegea. Nimewahi kusimama nikitazama mafungu matatu ya wateja wengine yakikatwa, sikuona muda ukipita.

Nyanya na vitunguu hupangwa kwa mafungu, na fungu ni kitu cha kusomwa. Omba ruhusa, uinue ile ya juu. Kama za chini ni ndogo na zimebonyea, fungu limepangwa ili likudanganye. Mwuzaji ninayemrudia hupanga kubwa chini, kwa sababu, aliniambia, nyanya kubwa ndizo zinazoweza kubeba wenzao.

Nafaka zinadai umakini wa namna nyingine, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa si suala la ladha tu. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Tangu nilipoyajua hayo, sinunui mahindi kwa kuyatazama tu. Nachukua chache, nauma: kavu huvunjika kwa mlio, mbichi hubonyea. Kama nina shaka, nyumbani natia mahindi kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, natikisa, naacha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayo bado yana unyevu. Na mwuzaji mzuri hakasiriki ukinusa gunia lake. Mmoja hapa huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akakutolea ya chini kabisa uyaone, kabla hujamwomba.

Kipimo ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili hivi. Ugeuze utazame kitako. Kitako kilichobonyezwa kwenda ndani kinakula konzi nzima ya ndengu zako kila mara. Kisha tazama mkono: wapo wanaojaza kwa haraka wakafuta juu kwa kiganja, na wapo wanaomimina mpaka kilele kijimwage chenyewe. Nyongeza, ile konzi ya mwisho inayotupwa mfukoni baada ya hesabu kukamilika, usiidai. Ikija yenyewe, umempata mwuzaji wa kudumu.

Nyirinyiri, vipande vya nyama iliyokaushwa juani, ikakatwa vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, huuzwa na wachache wanaojua. Mafuta yawe yamefunika kila kipande, yawe na harufu safi ya iliki au ya nyama yenyewe. Kivunje kipande kimoja kati ya vidole. Kikiwa na ulaini katikati, hakikukauka ipasavyo na hakitamaliza wiki. Kizuri hukatika, halafu hulainika mdomoni taratibu.

Ubani naununua mwisho, kidogo tu, kwa akina mama wanaoupokea kutoka pande za Merti na Garba Tula. Machozi ya utomvu yawe makavu, yasishikane, na magome ya mti yawe machache. Rangi peke yake haitoshi kuamulia, maana miti ya huku hutoa ubani mweupe na mweusi. Kaa la moto ndilo linaloamua. Mwuzaji anayejiamini ana kijiko cha makaa kando. Ataweka punje moja, mtaungoja moshi pamoja. Ule wa kwanza ni mkali kila wakati. Subiri wa pili, ndio utakaokaa kwenye mapazia yako.

Kuhusu bei, nguo za mitumba patana mpaka mchoke, maziwa sipatani. Lita ina bei yake ya siku, na aliyeamka alfajiri kukamua hakupunguziwa kazi. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, jerikani zilikuja chache, nyingine hazikuja kabisa. Jumamosi moja nilikuta mama wa maziwa ana lita nne hivi mezani, na wateja tukiwa wengi. Nilinyoosha chupa yangu. Akasema, “Mwanangu, haya usichukue. Yamekaa tangu jana jioni. Nenda, urudi Jumatatu.” Alihitaji pesa siku hiyo kuliko siku zote nilizomjua. Nilirudi Jumatatu.

Jambo la mwisho ni chupa yako mwenyewe. Usiioshe kwa sabuni yenye manukato, kwani harufu yake hukaa kwenye plastiki na kuharibu kazi yote ya moshi. Isuuze kwa maji moto, iache wazi juani siku nzima, uirudishe kavu. Mama ataipokea huku akikuuliza habari za nyumbani, atafungua kifuniko, na kabla hujajibu ataipeleka puani.